Kengele Iliyorekebishwa Chumba Kimoja

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Vyeo sitavitaja, na mishahara ndiyo kabisa. Mmenisikia mara nyingi nikifoka mnaponakili kipande cha msimbo kutoka faili moja na kukibandika katika faili jingine, na najua mnachosema nikishatoka: "Bibi kaanza." Leo nitawaeleza nilikoanzia. Kanuni mnazo vitabuni. Mimi nilichonacho ni woga, na woga hauandikwi vitabuni, kwa hiyo nauandika hapa.

Nilianza kazi Mwanza katikati ya miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, na pembezoni mwa ziwa viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikiota kama uyoga. Nilikuwa nimepanga chumba Mirongo. Kiwanda kilichoniajiri kilikuwa ufukweni. Jina lake siliandiki. Siku ya kwanza mtu wa stoo alinikabidhi mabuti meupe, koti zito lenye jasho la mtu mwingine, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni kwa mkwe.

Aliyenipokea ni Mzee Magesa, Mjita mwembamba aliyekuwa fundi wa umeme na wa kila kitu chenye waya. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na kompyuta za kadi za kutoboa katika shirika la umma, hadi lilipompunguza. Nilimwamkia, akaitikia, kisha hakunipeleka kwenye kompyuta. Alinipeleka Chumba cha Kwanza cha kugandishia, akanisukuma ndani taratibu, akafunga mlango.

Mlango ule ulikuwa na unene wa mkono mzima. Ndani kulikuwa na taa moja, mabomba meupe kwa barafu, na feni. Nilikaa humo dakika moja, labda na nusu. Alipofungua aliniuliza, "Umesikia nini?"

"Feni tu."

"Sisi huku nje umetusikia?"

"Hapana, mzee."

"Nilikuwa nakuita kwa jina. Basi na wewe ungepiga kelele, tusingekusikia." Akanionyesha kitufe chekundu ukutani, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. "Mtu aliye humu ndani ana hiki tu. Na hiki sasa kinapita kwako."

Kilipita kwangu kweli. Wanunuzi wa nje walitaka kila kitu kiwe na rekodi, kwa hiyo mwenye kiwanda aliamua nyaya zote za vyumba, za kipimajoto na za kitufe chekundu, ziingie kwenye kompyuta moja, na kompyuta ndiyo iamue lini ipige kengele ya ukumbini. Leo ningemfukuza fundi anayepitisha uhai wa mtu kwenye programu bila waya wa akiba. Wakati ule tuliyaita maendeleo.

Lugha niliyotumia kuandika programu ni ya vitu, kama hizi zenu. Unaandika klasi, yaani ramani ya kitu: kina nini na kinajua kufanya nini. Ramani moja ya nyumba inaweza kujenga nyumba kumi. Tena ramani inaweza kurithi nyingine: unachora nyumba ya kawaida mara moja, kisha ya pili unasema ni kama ile, ila ina baraza. Nilikuwa nimelisoma hilo katika kitabu cha fotokopi ambacho sura ya kurithi ilikuwa imekatika ukingo, lakini nililielewa. Sikuwa mjinga. Nasema hivyo kwa sababu mkifika mbele mtafikiri nilikuwa.

Kilichonishinda ni sahihi za wasimamizi. Kiwanda kilikuwa na vyumba sita, na kila chumba kilikuwa na msimamizi wake. Karibu wote walitoka katika yale mashirika yaliyofungwa, nao walikuja na desturi zao: kila kitu kina faili lake, na kila faili lina mwenyewe. Kabla chumba hakijaanza kazi, msimamizi alitaka programu ya chumba chake ichapwe kwenye karatasi. Alikaa nayo siku nzima, halafu akasaini chini ya kila ukurasa: *Nimeikubali*. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuisoma. Na hakuna aliyekubali kusaini karatasi yenye jina la chumba cha mwenzake.

Kwa hiyo kila chumba kilikuwa na klasi yake, katika faili lake. Chumba kipya kilipofunguliwa nilinakili faili la chumba kilichotangulia, nikabadilisha namba, nikachapa, nikapeleka kwa sahihi. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na nilisifiwa kwa kasi. Ni Mzee Magesa peke yake ambaye hakunisifu.

"Hiki nacho kina kengele yake?" aliniuliza nilipomaliza Chumba cha Pili.

"Kina, mzee."

"Uliiandika?"

"Niliinakili."

Akatikisa kichwa. "Ukiandika unafikiri, mwanangu. Ukinakili unapumzika."

Nilicheka. Mama Kompyuta, ndivyo walivyoniita pale kiwandani, nilikuwa na miaka thelathini na kitu na nilifikiri wazee wa kadi za kutoboa hawana la kunifundisha.

Sasa nieleze mstari mmoja, maana mambo yote yalitoka humo. Kila baada ya saa kadhaa mabomba ya chumba hujaa barafu, na mtambo hupitisha gesi ya moto ndani yake ili barafu idondoke. Kazi hiyo sisi tuliiita kuyeyusha. Kwa muda huo hewa ya karibu na mabomba hupata joto kidogo, kipimajoto kinalalamika, na kengele inalia bila sababu. Wasimamizi walichoka na kengele ile. Nikaongeza mstari katika klasi ya Chumba cha Kwanza: wakati wa kuyeyusha, puuza kengele. Nilimaanisha kengele za joto. Nilichoandika ni kengele zote. Chumba cha Kwanza kilitulia, msimamizi akasaini, nami nikaendelea kunakili.

Asubuhi moja ndege ya mizigo ilikuwa uwanjani ikisubiri maboksi yetu na kiwanda kizima kilikuwa kinakimbia. Dada Nyamizi, mama wa watoto wawili aliyetoka Kiseke na kufanya kazi ya kufungasha, aliingia Chumba cha Tatu kuchukua maboksi. Sheria ilikuwa waingie wawili. Mwenzake aliitwa kwenda kusaidia kupakia lori. Mlango ukajifunga, na komeo la ndani lilikuwa limeganda.

Chumba cha Tatu kilikuwa kinayeyusha.

Aliokolewa na wapakizi waliokuja kutafuta maboksi yaliyopungua. Walimkuta bado amesimama mbele ya kitufe. Alikuwa amevua glavu ya mkono wa kulia ili abonyeze vizuri zaidi. Walimbeba kumpeleka hospitali, na baadaye tukasikia kwamba ncha za vidole viwili hazitapona.

Mzee Magesa alipima kitufe: kizima. Akapima waya: mzima. Akapima kengele, ikalia hadi tukaziba masikio. Kisha akanitazama. Nikaenda kuchapa rekodi ya asubuhi ile. Printa yetu ilikuwa ile ya karatasi ndefu zenye matundu pembeni, ya kelele nyingi, na nilisimama juu yake nikisoma mstari kwa mstari unavyotoka. Saa tatu na dakika kumi na nne: *Kitufe. Imepuuzwa.* Saa tatu na dakika kumi na nne: *Kitufe. Imepuuzwa.* Saa tatu na dakika kumi na tano. Nilihesabu hadi ishirini na sita, nikaacha, na printa ikaendelea. Neno hilo, *imepuuzwa*, nililichagua mwenyewe. Nilikuwa nimeliona ni Kiswahili kizuri.

Kurekebisha Chumba cha Tatu kulinichukua dakika kumi. Meneja wetu, Bwana Rwegasira, Mhaya mwenye adabu aliyevaa tai hata kwenye sehemu ya kuparia magamba, alikuja kusimama nyuma yangu.

"Imekwisha?"

"Chumba cha Tatu, ndiyo."

"Basi, tumshukuru Mungu. Rudini kazini."

Alipoondoka nilirudi kwenye orodha ya mafaili. Chumba cha Tatu nilikuwa nimekinakili kutoka cha Pili, na cha Pili kutoka cha Kwanza. Vingine sikukumbuka. Sikukumbuka ni lini niliuandika ule mstari, kabla ya kunakili au baada, wala nini nilibadilisha katika kipi. Nilikuwa na mafaili sita yenye kurasa nyingi na kichwa kisichokumbuka kitu, na ukumbini watu walikuwa wanaingia na kutoka vyumbani na maboksi.

"Chapa yote," alisema Mzee Magesa.

Alichukua karatasi za Chumba cha Tatu na za Chumba cha Kwanza, akazipandanisha, akazibana kwenye kioo cha dirisha linalotazama ziwa. Mwanga wa maji ulipita katika karatasi zote mbili. Pale maneno yalipolingana, herufi zilikaa juu ya herufi, nyeusi na safi. Pale yalipotofautiana palikuwa na ukungu. "Wapi penye ukungu, weka alama nyekundu," alisema. "Penye usafi ndipo ulipopumzika." Ndivyo alivyotafuta makosa zamani, kwenye orodha za kadi. Tulikwenda ukurasa kwa ukurasa. Kurasa zilikuwa safi kiasi cha kutia aibu. Mstari wa kupuuza ulikuwa Chumba cha Kwanza na cha Pili. Ulikuwa cha Sita pia.

Chumba cha Nne kilikuwa ukungu mtupu kuanzia juu hadi chini. "Hiki ni tofauti," nikasema kwa furaha, nikakiweka pembeni.

"Kimeandikwa na nani?"

"Mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka kozi ya wiki sita Dar."

Niliporudi kutoka kozi ile sikutaka tena majina ya Kiswahili katika programu zangu. Nilikuwa nimeyabadilisha yote kuwa ya Kiingereza, na kupanga upya mistari ionekane ya kisomi. Mzee Magesa akanirudishia karatasi. "Usinisomee majina. Nisimulie. Kinafanya nini kwanza, kinafanya nini pili, kama unamsimulia mama yako."

Nikasimulia. Kinasoma joto. Kinalinganisha. Kinatazama kama mabomba yanayeyuka. Kama yanayeyuka, kina...

"Endelea."

"Kinapuuza kengele."

Ilikuwa hadithi ileile iliyovaa suti. Tangu siku hiyo sihangaiki na nakala zinazofanana kwa macho, hizo hata mashine huzipata. Zinazonitia hofu ni zile zinazofanya jambo lilelile kwa majina mengine. Hizo huzioni. Lazima uzisimulie kwa sauti, na ukisikia unasimulia hadithi uliyokwisha kuisimulia, simama hapo.

Tukafika Chumba cha Tano. Safi, safi, safi, halafu ukungu wa mstari mmoja. Nilisogeza uso karibu na kioo. *Wakati wa kuyeyusha, puuza kengele za joto tu.* Mbele yake palikuwa na maelezo mafupi ya mwandishi kama tunavyoweka: tarehe ya miezi kumi na moja nyuma, na herufi mbili, V.M.

Mzee Magesa alivaa miwani, akasoma, akavua. "Hizi herufi ni za nani?"

Aliuliza tu kwa sababu ilikuwa lazima mtu aseme.

"Zangu," nikasema.

Yote yalinirudia kwa mara moja. Msimamizi wa Chumba cha Tano alikuwa Doto, Msukuma mnene, mbishi, aliyejaribu kila kitu kwa mkono wake. Alikuwa ameingia chumbani mwake mwenyewe, akabonyeza kitufe, kengele isilie, akatoka akipiga kelele, "Mama Kompyuta! Kengele yangu imelala!" Nilikaa, nikatafuta, nikaona, nikarekebisha. Nilirekebisha Chumba cha Tano. Doto akasaini, akanipongeza, nami nikaenda kula ugali na sato. Hakuna msimamizi mwingine aliyelalamika, kwa hiyo kosa lingine halikuwepo. Kwa miezi kumi na moja nilikuwa nimelijua kosa lililomfungia Nyamizi, nimeliandika na kulitilia tarehe, katika faili la jirani.

Kufikia hapo niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena, hata kwenye maradhi. Kumwogopa meneja hakukuwa kitu. Niliogopa mikono yangu. Nilikuwa siwezi kujiapia kwamba haikuwa imefanya mambo mengine nisiyoyakumbuka.

Nikaenda kwa Bwana Rwegasira na kumweleza. Nilimwambia vyumba vinne bado vina kosa na nikamwomba asimamishe watu wasiingie. Akasema ndege haisubiri. Nikamwambia basi kila mlango uwe na mtu aliyesimama nje wakati wote, na hilo akalikubali. Kisha nikamwonyesha karatasi ya Chumba cha Tano. Akaisoma ile tarehe mara mbili.

"Nani mwingine ameona?"

"Mzee Magesa."

"Magesa hana maneno." Akaikunja. "Dada Vero, nikusaidie. Ajali imetokea, umerekebisha, umekuwa mwangalifu. Karatasi hii haimponyi yule mama vidole. Ukiisema, utaondoka wewe, nitaondoka mimi, na atakuja mtu asiyejua hata waya uko wapi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," nikasema, na aibu yangu ni kwamba nilifarijika.

Vile vyumba vinne ningeweza kuvirekebisha kimoja kimoja kabla ya chakula cha mchana. Mzee Magesa alinizuia. "Halafu kosa lijalo? Utarekebisha mara sita, utakumbuka mara tano." Kwa hiyo tukaweka watu milangoni kwa siku mbili, nami nikakaa kuandika klasi moja, ChumbaBaridi, klasi mama. Humo niliweka kila kitu ambacho vyumba vyote vilifanya sawa: kitufe, kengele, rekodi, kuyeyusha. Klasi za vyumba zikairithi, na kila moja ikabaki na vilivyo vyake tu, yaani kiwango chake cha joto na saa zake za kuyeyusha. Mafaili ya kurasa nyingi yakawa mistari michache. Nilifuta zaidi ya nilivyoandika. Kila nilipofuta nilichapa kabla na baada, tukasimulia, tukalinganisha.

Wasimamizi waliitwa kusaini. Sita wamekaa kwenye benchi, karatasi moja katikati.

"Chumba changu kiko wapi hapa?" aliuliza wa Kwanza.

"Chako ni hiki cha chini. Hii ya juu ni ya wote."

"Ya wote maana yake si ya mtu," alisema wa Pili.

Doto alicheka. "Mimi nilizaliwa pacha, Mama Kompyuta. Kulwa akiiba mahindi, mimi ndiye niliyechapwa. Unataka kuniunganisha na hawa watano? Kikiharibika cha huyu, na changu kimeharibika?"

"Ndiyo," alisema Mzee Magesa kutoka mlangoni. "Kikiharibika, vyote sita vitaharibika siku moja, na utasikia. Hiki kilichomla Nyamizi vidole kilikuwa kizima kwako."

Doto akageuza kichwa polepole. "Kwangu?"

Nilijua huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Bwana Rwegasira alikuwa amesimama kando ya dirisha. Nilisema, "Kwako ilirekebishwa." Sikusema lini, wala na nani. Doto alinitazama kwa muda mrefu, maana yeye alikuwa anakumbuka, kisha akashika kalamu. "Sisaini mpaka mtu aingie ndani wakati wa kuyeyusha, abonyeze. Vyumba vyote. Na aingie aliyeandika."

Niliingia. Tulikubaliana: nje ya kila mlango Doto atasimama na saa; akisikia kengele atafungua papo hapo, na akikaa dakika mbili bila kuisikia atafungua pia. Chumba cha Kwanza nilibonyeza, na kengele ikalia ukumbini. Kwa ndani haikusikika. Nilijua tu kwa sababu mlango ulifunguliwa papo hapo. Cha Pili, mlango ukafunguliwa. Cha Tatu nilibonyeza kitufe kilekile alichokibonyeza Nyamizi, na mlango ukafunguliwa kabla sijaondoa kidole. Cha Nne. Cha Tano.

Chumba cha Sita nilibonyeza na mlango haukufunguliwa.

Nilibonyeza tena. Gesi ilikuwa inapita katika mabomba na barafu ilikuwa ikidondoka sakafuni vipande vipande nyuma yangu. Nilijua Doto yuko nje. Nilijua ni dakika mbili tu. Nilijua vyote hivyo, na bado nilijikuta nimevua glavu.

Doto alipofungua alinishika bega akanitoa, kisha akasema, "Mama Kompyuta, hiki cha Sita hakijakusikia."

Kosa tulilipata baada ya nusu saa, kwa kusimulia. Katika klasi ya Chumba cha Sita nilikuwa nimesahau kufuta ule utaratibu wa zamani wa kengele. Klasi mtoto ikiwa na utaratibu wenye jina lilelile kama wa mama, wake ndio unaofuatwa. Wa mama haufikiwi kabisa. Klasi mama ilikuwa sahihi, na Chumba cha Sita kilikuwa kimerithi kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu kilikuwa na nakala yake chakavu mfukoni. Kumbukeni hilo mnapojisifu kwamba mmeunganisha. Kuandika kipya ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kuhakikisha kile cha zamani kimekufa. Nilifuta mistari kumi na nne. Nikaingia tena. Mlango ukafunguliwa. Doto akasaini wa kwanza.

Baadaye Mzee Magesa aliweka na waya wa akiba kutoka kila kitufe moja kwa moja hadi kengeleni, bila kupita kwangu. Sikuona ni dharau. Nilimshikia ngazi.

Nilikaa na ile karatasi ya Chumba cha Tano kichwani siku nne. Siku ya tano niliomba ruhusa, nikaenda Kiseke. Nyamizi alikuwa amekaa nje ya nyumba, mkono umefungwa bandeji, anamwelekeza binti yake kuchambua dagaa. Tulisalimiana, akaniletea kigoda. Sikujua kuanzia katikati, nikaanzia mwanzo, nikamweleza hadi ile tarehe na zile herufi mbili.

Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo kwa Doto ilikuwa inalia."

"Ndiyo."

"Miezi kumi na moja."

"Ndiyo, dada."

"Ningekuwa zamu ya kwa Doto, ningekuwa na vidole vyangu."

Binti yake alikuwa ameacha kuchambua.

"Meneja alikutuma?"

"Hapana. Alinikataza."

Akaguna. "Alikuja hapa na sukari na sabuni. Akasema ni bahati mbaya, mtambo umezeeka." Akatazama miamba iliyokuwa nyuma ya nyumba, kisha akaniuliza swali ambalo mimi, niliyesomea, sikuwa nimejiuliza. "Umeangalia vyote?"

"Vyote sita. Niliingia mwenyewe."

"Sisemi hivyo sita. Wifi yangu yuko kiwanda kile cha ng'ambo ya ghuba. Alikuja kuniona juzi. Nilipomweleza habari ya kitufe alisema na wao wanacho, chekundu hivyohivyo, na kengele inapigwa na kompyuta. Waliwekewa mwaka jana. Wewe ndiye uliyewaandikia?"

Sikuwa nimemwandikia mtu yeyote ng'ambo ya ghuba.

Nilirudi kiwandani moja kwa moja. Bwana Rwegasira alikuwa anakula. Nilimuuliza nikiwa bado mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa adabu ya kutazama mtu usoni. "Ni majirani," alisema. "Waliomba. Niliwaazima flopi yenye programu yako, wakanakili, wakarudisha." Nikamwambia kwamba nimetoka kwa Nyamizi na nimemweleza yote, na kama ananifukuza anifukuze kesho, leo nina safari. Alisukuma funguo za gari la ofisi mezani kuelekea upande wangu, na Mzee Magesa, aliyekuwa amefika nyuma yangu na bisibisi mkononi, akazichukua.

Kule tulizuiwa getini, tukaeleza, tukasubiri, tukaeleza upya. Mwishowe alikuja mtu wao wa kompyuta, Bwana Sospeter, mwanamume wa rika langu mwenye kalamu nne mfukoni. Alitupokea vizuri, akatuingiza ofisini kwake, akaagiza chai. Nilipomweleza kosa alitabasamu kwa huruma.

"Poleni sana. Lakini yetu si kama yenu, dada. Ile mliyotuazima tuliibadilisha yote. Majina mapya, mpangilio mpya. Hata wewe hutaitambua."

"Sitaki kuiona," nikasema. "Nakuomba unisimulie tu. Kitufe kikibonyezwa, kinafanya nini kwanza?"

Alinitazama kama anayemtazama mwendawazimu mpole, akageukia skrini, akaanza. Kinasoma kitufe. Kinaandika saa. Kinatazama kama mabomba yanayeyuka. Kama yanayeyuka, kina...

Chai ilikuwa imefika. Hakuna aliyeigusa. Bwana Sospeter alikuwa amesogeza uso karibu na skrini, midomo ikicheza bila sauti, akirudia mstari uleule. Kisha akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akafungua mlango wa ukumbini, na sauti aliyoitoa haikuwa ile aliyotupokelea getini.

"Vyumba vinavyoyeyusha sasa hivi ni vipi? Na ndani kuna nani?"